Mimea Ijilishayo na Mabua Tuyachomayo



Kila mwaka mavuno yakiisha na ardhi ikikauka, moshi huonekana ukipanda juu ya mashamba mengi. Mwenye shamba amekusanya mabua yake, ameyatia moto, na jioni husema kwamba sasa shamba ni safi. Karatasi hii imeandikwa ili kukueleza ni kitu gani hasa kilichopanda katika moshi ule, na tena kwa sababu gani yafaa mbegu yako iwe imekwisha kuingia ardhini mvua za kwanza zinapoanguka. Mambo haya mawili huonekana kama hayana udugu. Ukijua jinsi mmea upatavyo chakula chake, utaona kwamba yametoka tumbo moja.

Kwa habari ya chakula, viumbe wote wenye uhai wamegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la wale walao wengine. Ng'ombe hula majani, chui hula mbuzi, mchwa hula mti, nasi watu twala karibu kila kitu. Fungu la pili ni la wale wajilishao wenyewe. Hao hawali kiumbe mwingine; huchukua vitu visivyo na uhai, kama maji na hewa, wakavigeuza kuwa chakula, kisha wakakua kwa chakula hicho. Mahindi yako yamo katika fungu hili, na mgomba, na nyasi za malishoni, na hata magugu yakusumbuayo.

Fungu la kwanza lote huishi kwa jasho la fungu la pili. Ukitaka kulihakikisha neno hili, chukua chakula ulichokula jana usiku, ukifuate nyuma mpaka kilikoanzia. Ugali umetoka katika mahindi. Hapo safari ni fupi. Maziwa yametoka kwa ng'ombe, naye ameyatengeneza kwa nyasi. Dagaa wa ziwani amekula wadudu wadogo wa majini, na wadudu wale wamekula mwani mdogo usioonekana kwa macho. Hata uyoga, ambao hauna ukijani wowote, umekula majani na miti iliyooza. Njia zote hukutana mahali pamoja. Kwa hiyo mkulima, hata akiwa na ng'ombe mia, kazi yake ya kwanza ni kutunza majani.

MMEA HAUJENGWI KWA UDONGO

Wengi wetu tumesikia kwamba mmea hula udongo, na kwamba ndiyo sababu shamba huchoka. Neno hili lina ukweli ndani yake, nami nitaueleza mbele kidogo, lakini si ukweli wote. Watu wa Ulaya nao waliamini hivyo kwa karne nyingi, mpaka bwana mmoja wa Brussels, jina lake Jan Baptista van Helmont, alipolipima neno lenyewe kwa mizani. Alitia ratili 200 za udongo mkavu katika chungu kikubwa, akapanda mche wenye uzito wa ratili 5, akawa akiunywesha maji ya mvua tu. Baada ya miaka 5 aliung'oa mti ule, akaona una uzito wa ratili 169 na zaidi kidogo. Akaukausha udongo akaupima tena, nao ulikuwa umepungua kama wakia 2 tu, yaani gramu zisizofika 60. Kwa vipimo vya leo, mti ulikuwa umeongezeka zaidi ya kilo 70. Habari hiyo ilipigwa chapa mwaka 1648, mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Alikata shauri kwamba mti wote umetokana na maji. Alipata nusu ya jibu. Nusu ya pili ilikuwa imemzunguka pande zote, nayo ni hewa.

Nusu hiyo ya pili ilichukua zaidi ya miaka mia kujulikana. Mwaka 1771 Joseph Priestley wa Uingereza aliona kwamba hewa ya chombo kilichofunikwa, ambayo mshumaa umekwisha kuzimikia ndani yake, hutengenea tena kama ukitia humo tawi la mnanaa na kuliacha siku kadhaa. Mwaka 1779 daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz, alionyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na sehemu za kijani peke yake, tena penye mwangaza tu. Gizani mmea huchafua hewa kidogo, kama sisi tupumuapo. Na mwaka 1804 Nicolas-Théodore de Saussure wa Geneva alipima kwa uangalifu akathibitisha kwamba uzito wa mmea watoka katika hewa ya ukaa pamoja na maji.

Basi jani ni jiko. Upande wake wa chini hasa, na mara nyingi upande wa juu pia, una matundu madogo mno ambayo hewa hupitia. Katika hewa hiyo mna kiasi kidogo cha hewa ya ukaa, kama sehemu 4 tu katika sehemu 10,000. Mizizi huleta maji. Rangi ya kijani ya jani, ambayo wenye elimu huiita klorofili, hushika nguvu za jua, na kwa nguvu hizo maji na hewa ya ukaa huunganishwa kuwa sukari. Kinachobaki katika mapishi hayo ni oksijeni, nayo hutoka nje kwa matundu yale yale. Sukari hiyo mmea huigeuza kuwa wanga wa punje, mafuta ya alizeti, nyuzi za pamba, ubao wa mninga. Ukiukausha mmea wa mahindi na kuugawanya sehemu 100, zaidi ya 90 zilitoka katika hewa na maji.

Jambo hili waweza kuliona kwa macho yako bila vyombo vya shule. Chukua jani-maji la bwawani, lile liotalo chini ya maji, ulitie katika glasi yenye maji ya bwawa lile lile, na uiweke juani. Baada ya muda utaona vipovu vidogo vikipanda kutoka katika mmea. Hiyo ni oksijeni. Peleka glasi chumbani penye giza, na vipovu vitakoma. Watoto hulipenda sana jaribio hili, na nadhani laingia kichwani upesi kuliko hotuba.

Jaribio la pili ni la mizani. Pima kilo 10 za mabua makavu kabisa, uyachome mahali pasipo upepo, kisha pima majivu. Hayafiki kilo moja. Majivu yale ndiyo sehemu kubwa ya vile mmea ulivyovichukua ardhini: chokaa, potasiamu, fosforasi na vingine vya namna hiyo. Yaliyobaki yote yalitoka hewani na majini, nayo yamerudi huko.

Hapa ndipo penye ule ukweli wa wazee. Vitu vile vya udongoni, ingawa ni vichache kwa uzito, mmea hauwezi kuishi pasipo navyo, kama vile mboga isivyoliwa pasipo chumvi. Tena kimoja cha vitu hivyo hakionekani katika majivu, nacho ndicho cha thamani kuliko vyote kwa mahindi. Jina lake ni naitrojeni. Bila naitrojeni jani huwa la manjano, na jani la manjano halipiki. Mabua yakiungua, karibu naitrojeni yote hupanda pamoja na moshi. Majivu ni mbolea, sikatai. Lakini ayatiaye mabua moto ili apate majivu ni kama mtu auzaye ng'ombe apate ngozi.

WALIOITENGENEZA DUNIA

Nitatoka shambani kidogo, maana viumbe hawa wajilishao hawakutulisha tu, bali waliifanya dunia iwe mahali pa kukaliwa.

Zamani sana hewa ya dunia ilikuwa karibu haina oksijeni. Mtu wa leo angewekwa humo, angekufa kwa dakika chache. Katika maji ya bahari waliishi bakteria, viumbe wadogo hata tone moja la maji laweza kuchukua maelfu yao, nao walikuwa wamekwisha kupata ustadi ule wa jani: kupika kwa jua na kutoa oksijeni. Kwa muda mrefu oksijeni yao haikufika hewani, kwa sababu maji ya bahari yalikuwa na chuma kilichoyeyuka, na kila oksijeni ilipotoka ilikishika chuma kile, kikawa kutu, kikazama chini. Matabaka ya kutu ile yapo hata leo, yamekuwa mawe, na huchimbwa huko Australia na Brazili. Chuma kingi cha viwandani chatoka katika mawe ya namna hiyo. Basi huenda jembe ulilolishika leo asubuhi ni kazi ya viumbe wale. Kiasi cha miaka milioni 2,400 iliyopita oksijeni ilianza kubaki hewani. Siku hizi ni sehemu 21 katika sehemu 100 za hewa, nayo haikai bure, kwa kuwa juu sana angani baadhi yake hugeuka kuwa ozoni, kinga izuiayo miali mikali ya jua isituunguze.

Mimea ya nchi kavu ilikuja baadaye sana, kama miaka milioni 470 iliyopita. Kabla yake nchi ilikuwa mwamba, mchanga na vumbi. Mizizi ndiyo iliyosaidia kuupasua mwamba, na majani yaliyoanguka na kuoza ndiyo yaliyoutia weusi udongo ule tuupendao. Mahali penye vinamasi miti mingine haikupata kuoza. Ilifukiwa, ikagandamizwa, ikawa makaa ya mawe. Makaa ya mawe ya Kiwira na Ngaka, kusini mwa Tanzania, ni mimea ya zamani zaidi ya miaka milioni 250. Kuyachoma ni kurudisha hewani ukaa ambao majani yale yaliufungia. Kabla ya viwanda vikubwa kuanza, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 280 katika milioni. Sasa imepita 420, na joto la dunia limepanda kwa ajili yake. Mkulima aonaye mvua zikibadilika desturi ana haki ya kujua habari hii.

Usidhani kwamba wale wadogo wa majini walikwisha kazi. Karibu nusu ya mapishi yote ya duniani hufanywa baharini, na wengi wa wapishi hawaonekani kwa macho. Nenda Ziwa Natron, ambako maji ni ya magadi makali yachomayo ngozi, na samaki ni wachache mno. Hata hivyo heroe, ndege wale wa rangi ya waridi, hukusanyika huko kwa mamia ya maelfu kuzaliana. Heroe wadogo hula bakteria wa kijani waliomo katika maziwa ya magadi kama hayo, na rangi ya manyoya yao yatoka katika chakula hicho.

WAJILISHAO GIZANI

Sasa turudi shambani, tena chini ya udongo.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hakuna ajilishaye pasipo jua. Mrusi mmoja, Sergei Winogradsky, ndiye aliyelivunja wazo hilo. Mwaka 1890, akifanya kazi Zürich, alieleza habari za bakteria wa udongoni ambao hawahitaji mwanga wala hawali mwozo. Wao hupata nguvu kwa kuibadili amonia, na kwa nguvu hizo hujipikia chakula kwa hewa ya ukaa, kama jani lifanyavyo kwa jua. Baadaye, mwaka 1977, waliozamia bahari karibu na visiwa vya Galápagos waliona, kwenye kina cha kama mita 2,500, minyoo mikubwa isiyo na kinywa wala tumbo. Minyoo hiyo hulishwa na bakteria wakaao ndani yake, wapikao kwa gesi inukayo kama yai viza itokayo katika nyufa za sakafu ya bahari. Ni ajabu kubwa, lakini kwa mkulima wale wa Winogradsky ni wakubwa zaidi.

Sikiliza kwa nini. Jani, bua au samadi ikianguka ardhini, wadudu, kuvu na bakteria waozeshao huila. Katika kuila huiachilia naitrojeni iliyomo, nayo hutoka kwa sura ya amonia. Ndiyo harufu ile ikuchomayo pua katika zizi lililofungwa. Kisha bakteria wajilishao huibadili amonia hiyo kuwa naitreti, na naitreti ndiyo chakula mahindi yakipendacho sana. Kwa hiyo shambani mwako mna wapishi wawili. Mmoja yuko juu, ni jani. Mwingine yuko chini, haonekani, naye humwandalia wa juu chumvi ya mboga. Huyu wa chini huhitaji udongo wenye unyevu na wenye hewa. Udongo uliotuama maji humnyima hewa. Udongo uliokauka kabisa humlaza.

Na ukiwa umechoma mabua, wale waozeshao hawana cha kula. Wasipokula hawatoi amonia. Na pasipo amonia huyu wa chini hana kazi.

Katika miaka ya 1950 mchunguzi mmoja, H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga karibu na Nairobi, aliupima udongo uliokaushwa kisha ukaloweshwa tena. Taarifa yake ya mwaka 1958 yajulikana mpaka leo duniani kote. Aliona kwamba udongo uliokauka sana, ukipata maji, huamka kwa kishindo. Ukavu umeua vijidudu vingi na kuulegeza mwozo. Maji yakija, waliosalia huwala wafu, huongezeka upesi mno, na naitrojeni nyingi huachiliwa kwa siku chache. Kisha kishindo hupungua. Ukavu ukiwa mrefu, kishindo huwa kikubwa zaidi.

Naomba ulifikiri jambo hili polepole, maana ndani yake mna magunia ya mahindi. Mvua ya kwanza ya masika au ya vuli huufungua mlango wa ghala la udongo kwa siku chache tu. Naitreti iliyotolewa huyeyuka katika maji kama chumvi. Mvua kubwa zifuatazo huishusha chini mbali na mizizi. Aliyepanda mapema ana mizizi michanga tayari kuipokea. Aliyekawia kwa wiki tatu hukuta mlango umekwisha fungwa, na mara nyingi hukuta magugu yameingia kabla yake. Kila mzee mwenye shamba zuri hujua kwamba mahindi ya kwanza huwa meusi kwa ukijani na ya nyuma huwa ya manjano, ijapokuwa mbegu ni moja. Wengine husema ni bahati au ni mkono wa mtu. Sababu kubwa ni naitreti hii, pamoja na mvua zenyewe.

Katika nchi ambako mvua hudanganya, kupanda shamba zima kwa mvua moja ni hatari, najua. Hapo lima mapema, andaa mbegu, na panda sehemu kubwa kwa mvua ya kwanza iliyolowesha udongo vizuri, ukiacha sehemu na mbegu kidogo kwa tahadhari. Kibaya ni kungoja mvua ndipo uanze kulima.

KUTUNZA JIKO

Sasa yapo maneno machache juu ya jani lenyewe. Katika nguvu zote za jua ziangukiazo shamba kwa mwaka, mazao mengi huweka akiba kiasi cha sehemu moja tu katika mia, au pungufu. Kila siku udongo ukaapo wazi juani bila jani, hata hiyo moja hupotea.

Wako wakatao vichwa vya mahindi na kupukuchua majani yawe malisho kabla punje hazijakomaa. Hasara yake ni kubwa kuliko wadhanivyo. Majani yaliyo karibu na hindi na yale ya juu yake ndiyo yanayoijaza punje. Ngoja mpaka punje ziwe ngumu na maganda yameanza kukauka. Hapo jiko limekwisha pika, kata upendavyo. Kadhalika kisamvu na matembele: mboga ni mboga, wala siwezi kumwambia mama mwenye watoto asichume. Lakini achume machache kwa kila shina, akizunguka shamba zima, wala asilivue shina moja likabaki fito. Muhogo uliovuliwa majani hutumia akiba ya mzizi kuchipua upya, na mzizi huo ndio uliokuwa ukiungojea.

Gugu nalo hujilisha. Halili mahindi yako. Huyanyang'anya mwanga, naitreti na maji. Na maji si haba, kwa kuwa matundu ya jani yakifunguliwa kuingiza hewa, maji hutoka kwa mlango ule ule. Ili mahindi yatengeneze kilo moja ya mmea mkavu huvuta maji lita 300 au zaidi. Kwa hiyo palizi ya kwanza ifanywe mahindi yangali madogo. Palizi ya mahindi yaliyofika kiunoni hupendeza macho, lakini wizi umekwisha kutendeka.

Kunde, mbaazi, maharage na njugu mawe zina mapatano yao. Ng'oa mmea wa kunde polepole utaona vinundu mizizini. Ndani yake wakaa bakteria wasiojilisha. Mmea huwapa sukari, nao hulipa kwa kuichukua naitrojeni ya hewani, ambayo ni sehemu 78 katika 100 za hewa, na ambayo mahindi hayawezi kuigusa kamwe. Ukivuna mimea hii, ikate kwa kisu na uiache mizizi ardhini.

TUYAFANYEJE MABUA?

Tani moja ya mabua makavu ina naitrojeni kama kilo 5 hadi 8. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23. Basi achomaye tani tatu au nne za mabua amechoma kitu kisicho mbali na mfuko mmoja wa urea, ingawa ya mabua hutoka polepole, kwa miaka, na ya mfuko hutoka mara moja. Pamoja na hayo amewachomea waozeshao chakula chao, na kuuacha udongo uchi mbele ya mvua kubwa.

Lakini mkulima achomaye mabua hana wazimu. Ana sababu zake, nazo yafaa zijibiwe.

Ya kwanza ni funza wa mabua. Ni kweli kwamba funza hujificha ndani ya mabua wakati wa ukavu na kutoka mvua zikija, na mashauri ya kuchoma yalitolewa kwa sababu hiyo. Mahali palipoharibiwa vibaya, kuchoma mabua yenye funza si upumbavu. Penye funza wachache, yakate mabua mara baada ya kuvuna na kuyalaza chini yametawanyika, yapigwe na jua kali kwa wiki kadhaa. Joto na ukavu huua funza wengi. Mabaya ni yale yaliyoachwa yamesimama, au yaliyofungwa matita na kuegemezwa kivulini.

Ya pili ni mchwa. Watu husema, “Nikiyaacha, mchwa watayala.” Watayala, ndiyo, na sehemu ya chakula kile itabaki katika udongo wako na katika vichuguu vya karibu; katika moshi haibaki. Udongo wa kichuguu, kama wajuavyo wengi, hustawisha mboga.

Ya tatu ni ng'ombe, nayo ndiyo nzito. Mabua ni malisho ya kiangazi, wala siwezi kusema udongo ule na ng'ombe afe. Mpe ng'ombe majani na sehemu laini, na vigogo vigumu viwe matandiko ya zizi, vikaloweke mkojo. Mkojo una naitrojeni nyingi, na zizi lisilo na matandiko huipoteza. Kisha samadi irudi shamba lile lile lililotoa mabua. Wengi huimwaga yote katika migomba iliyo karibu na nyumba, na shamba la mbali hudhoofika mwaka hata mwaka. Samadi irundikwe kivulini na kufunikwa kwa majani au udongo, maana harufu ikupatayo ukipita ni naitrojeni inayokimbia.

Na yale yaliyobaki shambani, usiyafukie muda mfupi kabla ya kupanda. Mabua makavu yana ukaa mwingi na naitrojeni haba, na waozeshao wakiyapata chini ya udongo huitwaa naitreti iliyopo ili wapate kuyala. Mahindi machanga yakawa manjano kwa wiki kadhaa. Yalaze juu ya udongo, katika mistari ikatayo mteremko, na kupanda katika nafasi zilizo wazi kati ya mistari hiyo. Msimu ufuatao panda pale palipolala mabua, na mabua mapya yalaze pale palipokuwa wazi. Chimba kidogo kwa mkono chini ya mstari wa mwaka jana kabla hujapanda, uone unyevu ulivyo, kisha chimba hatua mbili kando yake.